Briketi za nyumbani Bukavu: mwongozo kamili kwa wale ambao zao zinavunjika, zinafuka moshi au zinaota ukungu

Kuanzia Bagira mpaka Panzi nasikia malalamiko matatu yaleyale. Briketi, yaani madonge ya vumbi la makala (mkaa) yaliyoshikanishwa kwa gundi ya unga na kukaushwa, zinavunjika mkononi kabla hazijafika kwenye mbabula (jiko la makala). Zikifika, zinafuka moshi mpaka jiko zima linakohoa. Na zile zilizowekwa akiba, ukifungua gunia baada ya wiki mbili, unakuta ukungu mweupe umezivaa. Mama aliyetoa unga wake na siku yake nzima anarudi kwa muuza makala akiamini kwamba briketi ni kazi ya wenye mashine.

Si kweli. Mashine inaongeza wingi wa kazi, lakini haiponyi mchanganyiko mbaya. Familia nyingi nilizoziona zikishindwa zilishindwa kwa maji: maji mengi mno wakati wa kuchanganya, maji yaliyobaki ndani kwa sababu hazikushindiliwa vizuri, na maji ambayo hayakupewa siku za kutosha kutoka. Ndiyo maana hapa nitakaa sana kwenye uji wa gundi, kwenye jaribio la ngumi na kwenye kichanja cha kukaushia, na nitapita haraka kwenye chombo cha kushindilia.

Kazi hii inastahili subira yako. Kila gunia la makala linaloingia mjini linabaki na chenga na vumbi chini, na vitu hivyo vinamwagwa mferejini ilhali ni makala kamili yaliyovunjikavunjika. Sehemu ya makala tunayopikia inatoka katika misitu inayotuzunguka, ikiwemo mbuga ya Kahuzi-Biega. Familia inayorudisha vumbi lake kwenye mbabula inanunua makala machache, na hilo linaonekana kwenye mfuko wa nyumba kabla halijaonekana msituni.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kipimo changu ni ndoo moja ya lita 20 ya vumbi lililochekechwa. Inabeba kama kilo 8 hadi 10, na mtu na mwenzake wanaimaliza asubuhi moja.

- Vumbi na chenga za makala, ndoo moja iliyojaa. Omba kwa wauzaji wa makala sokoni au kwenye depo (ghala la makala). Wengi wanalitoa bure au kwa bei ndogo kwa sababu linawajazia nafasi.
- Unga wa muhogo, nusu kilo. Usitumie ule mzuri wa fufu kama watoto wanauhitaji. Unga uliopata wadudu, bugali (ugali) lililolala, au maganda ya muhogo yaliyokaushwa na kutwangwa yanafanya kazi ileile.
- Maji lita 5 hadi 6. Ya mvua yanatosha.
- Sufuria kuukuu ya kupikia gundi na mwiko wake.
- Chekeche yenye matundu ya milimita 2 au 3, kama ile ya wajenzi ya kuchekechea mchanga laini.
- Gunia kuukuu na mti mzito wa kupondea. Kinu cha sombe (kisamvu) kiache kwa sombe.
- Kipande cha tuyo (bomba), urefu wa sentimita 10 na upana wa sentimita 5, pamoja na mti wa kusukumia unaoingia humo bila kubana. Huna? Mikono miwili inatosha.
- Shitingi (turubai), na kichanja cha miti au cha wavu kilichoinuka kutoka ardhini.
- Kitambaa cha pua na mdomo kwa kila mmoja. Usianze bila hicho. Vumbi la makala linaingia kwenye mapafu, na watoto wadogo wasikae karibu wakati wa kuponda na kuchekecha.

## Hatua ya 1: Tenga takataka jikoni, siyo kwenye kazi

Briketi nzuri inaanzia siku kadhaa kabla, pale unapotupa takataka. Weka ndoo tatu jikoni.

Ya kwanza ni ya vitu vikavu vinavyoweza kuwa makala: magunzi ya mahindi, maganda ya maharage, vipande vya mbao, chenga za mbabula zilizopoa kabisa. Ya pili ni ya vitu vibichi: maganda ya ndizi na ya viazi, majani, mabaki ya mboga. Hivi vinaoza vizuri na kuwa mbolea, kwa hiyo vipeleke shimoni au kwa jirani mwenye bustani. Ya tatu ni ya plastiki, chupa na makopo.

Ndoo ya tatu isikutane kamwe na ile ya kwanza. Plastiki ndani ya briketi inatoa moshi wenye sumu, na moshi huo unashuka kwenye sufuria yako na kwenye kifua cha mtoto uliyembeba mgongoni. Hata kile kisashe (kifuko cha plastiki) kimoja ambacho wengi wetu tunakitumia kuwashia moto, kiache.

Wala usikitupe mferejini. Mvua inakishusha kwenye mto Kawa, kutoka hapo ziwani, na kutoka ziwani kinafika kwenye mtambo wa umeme wa Ruzizi, ambako plastiki imekuwa ikiziba na kusimamisha mashine mara kwa mara. Umeme ukipotea, nyumba zilizokuwa zinapikia umeme zinarudi kwenye makala. Chupa na madumu weka kando kwa wanaozikusanya na kuzitumia tena, na ukienda sokoni beba kikapu chako.

Utajua umefaulu pale ndoo ya kwanza inapokaa wiki nzima bila kunuka na bila nzi. Ikinuka, kuna kitu kibichi kimeingia.

## Hatua ya 2: Safisha vumbi kabla ya kuliponda

Vumbi linalofagiwa chini kwenye depo limejaa mchanga na vijiwe. Mchanga hauwaki. Unaongeza majivu, unaziba hewa na kufanya briketi ionekane haina nguvu, kisha lawama inaangukia unga.

Jipime hivi: tia vijiko viwili vya vumbi kwenye glasi ya maji, koroga, subiri kidogo. Makala mengi yanaelea, mchanga unazama haraka. Kama chini ya glasi kumejaa tabaka nene la mchanga, tafuta vumbi lingine, au mwombe muuzaji akuachie lile linalobaki ndani ya gunia lenyewe badala ya lile la sakafuni. Tofauti yake ni kubwa sana.

Tia chenga kubwa ndani ya gunia, funga mdomo, ponda kwa mti ukiwa nje. Kisha chekecha. Usitafute unga laini kabisa. Unataka laini iliyochanganyika na punje ndogondogo, kwa sababu zile laini zinajaza nafasi kati ya punje na kuzishikanisha. Kinachobaki juu ya chekeche kirudishe guniani na kukiponda tena.

Onyo: chenga zinazotoka kwenye mbabula ya jana zinaweza kuwa na moto ndani bila kuonyesha. Ziache siku nzima kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko kabla ya kuzitia guniani. Katika mitaa yetu ya nyumba za mbao zilizobanana, kama kule Kadutu, cheche moja haichagui nyumba ya nani.

## Hatua ya 3: Geuza magunzi kuwa makala (kama vumbi halitoshi)

Kama ndiyo mara yako ya kwanza, ruka hatua hii. Tumia vumbi tupu mpaka mkono uzoee.

Kwa pipa kubwa kazi hii inatoa moshi mwingi, na katika parsele (viwanja) ndogo za Bukavu itakugombanisha na majirani. Njia ya familia ni kopo. Chukua kopo la chuma la maziwa ya unga lenye kifuniko cha chuma, toboa tundu moja kwa msumari kwenye kifuniko, lijaze magunzi au vipande vya mbao vilivyokauka kabisa, funga, kisha lilaze katikati ya moto wakati maharage yanachemka.

Kwanza utatoka mvuke na moshi mweupe. Baadaye moshi huo unaweza kushika moto pale kwenye tundu, na moto huo unasaidia sufuria yako. Mwali ukizima na moshi ukikoma, makala yameiva. Toa kopo, ziba tundu kwa udongo wa maji, uliache usiku kucha. Ukilifungua likiwa na joto, hewa itaingia na magunzi yatageuka majivu mbele ya macho yako.

Onyo: tundu lazima liwepo na lisizibwe likiwa motoni. Kopo lililofungwa kabisa linapasuka. Usitumie kopo la rangi wala la dawa.

Utajua umefaulu pale gunzi linapotoka jeusi mpaka ndani, jepesi, na linavunjika kwa mlio mkavu. Likiwa la kahawia katikati, halijaiva, na litafuka moshi kwenye briketi.

## Hatua ya 4: Pika gundi mpaka ibadilike rangi

Hapa ndipo briketi nyingi zinapofia. Watu wanamwaga unga mkavu juu ya vumbi, wanaongeza maji, wanafinyanga. Zikiwa mbichi zinashikana kwa sababu ya maji. Zikikauka zinabomoka, kwa sababu unga mbichi hauna gundi. Ni joto la maji yanayochemka linalofungua punje za unga na kuzifanya zinate.

Fanya hivi:

1. Koroga nusu kilo ya unga kwenye lita moja ya maji baridi mpaka mabonge yaishe. Ukimwaga unga moja kwa moja kwenye maji ya moto, utapata mabonge yenye unga mbichi ndani, na kila bonge litakuwa tundu kwenye briketi yako.
2. Chemsha lita 4 za maji kando.
3. Yakichemka, mimina ule unga taratibu huku ukikoroga bila kuacha.
4. Endelea kukoroga kwenye moto dakika 5 hadi 10.

Angalia rangi. Mwanzoni ni nyeupe kama maziwa. Ikiiva inakuwa na ung'avu, unaweza karibu kuona mwiko kupitia humo. Ukiinua mwiko, uji unashuka kwa uzi mrefu unaovutika. Kama unadondoka matone matone, bado.

Ukitumia bugali lililolala, liloweke kwenye maji ya moto, lisage kwa mkono mpaka lilainike, kisha lipike upya kwa njia hiyohiyo. Kwa unga wa maganda ya muhogo ongeza kipimo kidogo, kwa sababu maganda yana nyuzi na unga wake ni mchache.

Sasa sikia hili vizuri: kuongeza unga hakuimarishi briketi. Nusu kilo kwa ndoo inatosha. Unga ukizidi, briketi inachelewa kukauka, inafuka moshi, inaalika panya na kuota ukungu. Ukiona zinavunjika, usikimbilie unga. Rudi kwanza uangalie kama gundi iliiva na kama ulishindilia vya kutosha.

## Hatua ya 5: Changanya, kisha iulize ngumi yako

Mwaga vumbi juu ya shitingi, tengeneza shimo katikati, mimina uji ungali vuguvugu. Usiumimine wote. Anza na nusu, changanya, ongeza kidogo kidogo. Vumbi la leo siyo la jana. Kama lilinyeshewa kule depo tayari lina maji yake, na uji wote utalizidi.

Kanda kwa nguvu, kama robo saa, mpaka usione tena vumbi kavu la kijivu. Kila punje iwe nyeusi na yenye kung'aa kidogo. Wakiwa wawili ni rahisi zaidi: mmoja anageuza kwa pau (beleshi), mwingine anakanda kwa mikono.

Kisha chota mkono mmoja, kaza ngumi kwa nguvu zako zote, fungua.

- Umbo limebaki zima, alama za vidole zinaonekana, na labda tone moja au mawili yamechungulia kati ya vidole: ni sawa, endelea.
- Limepasuka ulipofungua ngumi: ni kavu, ongeza uji.
- Maji yametiririka mpaka kwenye kiganja, na umbo linalala lenyewe: maji yamezidi. Ongeza vumbi kavu, siyo unga, kanda tena, ujaribu tena.

Nafasi ya kila tone la maji la ziada itabaki tupu maji yakishatoka. Briketi iliyojaa nafasi tupu ni nyepesi na inabomoka. Kwa hiyo usione uvivu kurudia jaribio la ngumi mara tatu au nne.

Mchanganyiko huu uumalize siku hiyohiyo. Ukilala, unachacha.

## Hatua ya 6: Shindilia

Simamisha tuyo juu ya ubao, jaza mpaka juu, ingiza mti wa kusukumia, piga kwa nyundo au jiwe mara tatu au nne. Inua, sukuma briketi itoke. Iwe na kimo cha sentimita 4 au 5. Kisha toboa tundu katikati kwa kijiti chenye unene wa kidole: litasaidia kukausha sasa na kupitisha hewa wakati wa kuwaka.

Kwa mikono, finyanga tonge na kulikaza kutoka kiganja hiki kwenda kile mpaka liache kutoa maji. Ukubwa wake usizidi yai la kuku. Najua kubwa zinavutia, zinaonekana kama kazi imeisha haraka. Lakini briketi kubwa inakauka nje na kubaki mbichi moyoni, na huo moyo ndio unaokutolea moshi.

Utajua umefaulu pale inapotoka nzima, kingo zake zimesimama, na baada ya dakika kumi haijalala wala kutanuka.

## Hatua ya 7: Kausha kwa subira ya mji wa mvua

Maelekezo mengi yanasema siku tatu juani. Yameandikiwa mahali pengine. Bukavu iko juu, kwenye kimo cha kama mita 1,500, ziwa liko miguuni, na kuanzia Septemba mpaka Mei mvua haituachi. Juni, Julai na Agosti siku 4 hadi 6 zinatosha. Miezi mingine hesabu wiki moja mpaka mbili. Ukiweza kuchagua, fanya kazi kubwa ya akiba wakati wa kiangazi.

Siku ya kwanza: kivulini. Zipange kwenye kichanja chini ya paa, mahali penye upepo, zisigusane. Ukiziweka kwenye jua kali zikiwa mbichi, ngozi ya nje inajikunja kabla ya ndani, na nyufa zinatokea. Watu wanaona nyufa wanadhani gundi ilikuwa kidogo. Mara nyingi ni jua la haraka.

Kuanzia siku ya pili: juani, na kuzigeuza. Zitoe asubuhi umande ukishakauka. Zigeuze mchana. Zirudishe ndani kabla ya jioni, hata kama anga ni safi, kwa sababu usiku hewa ya ziwa inazirudishia unyevu.

Usizianike chini. Udongo na saruji vinazirudishia maji kutoka chini wakati jua linayatoa juu. Kichanja kilichoinuka hata nusu mita tu kinapunguza siku za kukausha.

Mvua ikija, zifunike kwa shitingi iliyoinuliwa kwa miti, ili hewa ipite pembeni. Shitingi iliyolalia juu ya briketi inakusanya jasho na kulidondosha palepale.

Wengine wanaziweka juu ya moto wa jikoni wakati wa mvua. Inafaa, ila kichanja kiwe juu sana, mahali ambapo mkono wako unaweza kukaa muda mrefu bila kuungua, na kisiachwe bila mtu. Makala makavu yakidondokewa na cheche yanashika moto.

### Namna ya kujua zimekauka kweli

Kuona weusi uliopauka hakutoshi; nje kunakuwa tayari siku nyingi kabla ya ndani. Chukua briketi tano, zitie alama, zipeleke dukani kwenye mizani. Zipime tena kila siku. Siku mbili zikifuatana na uzito uleule, zimekauka. Kwa kawaida zitakuwa zimepoteza karibu theluthi moja ya uzito wa siku ya kwanza.

Huna mizani? Vunja moja. Rangi ya moyo iwe sawa na ya nje. Kisha gusisha ule upande uliovunjika kwenye shavu lako. Ukihisi ubaridi, bado kuna maji.

## Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kujaza gunia

Simama, shika briketi kwenye kimo cha kiuno, iachie ianguke kwenye udongo mgumu. Ikibaki nzima, au ikimeguka kipande kimoja kidogo pembeni, ni nzuri. Ikivunjika mbili bado itapika, lakini ishughulikie kwa upole. Ikitawanyika kuwa vumbi, usihifadhi. Nenda kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu.

Kisha washa tatu tu, nje. Moshi wa dakika za kwanza ni wa kawaida. Moshi unaoendelea baada ya briketi kushika nyekundu unasema maji, au gunzi lisiloiva, au unga mwingi.

Zinazofaulu zitie kwenye gunia linalopitisha hewa, juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na mbabula. Mfuko wa plastiki uliofungwa ndio unaoleta ukungu. Na kumbuka kwamba gundi ya muhogo inayeyuka kwenye maji: paa likivuja juu ya gunia, kazi yote imepotea.

## Hatua ya 9: Kuwasha na kupika

Briketi imeshikamana kuliko makala ya kawaida, kwa hiyo inachelewa kushika. Tandika makala machache ya kawaida chini, uwashe kwa vibanzi au maganda makavu ya mahindi, na yakishakuwa mekundu panga briketi juu ukiacha nafasi kati yake. Hewa ndiyo inayopika. Mbabula iliyojazwa mpaka mdomoni inajinyima hewa.

Zikishawaka usizichokoe. Zimevaa majivu, na majivu hayo yanashikilia umbo. Ukizivunja zinabomoka na kuzima. Tikisa mbabula kidogo tu, majivu ya chini yadondoke.

Nikupe maoni yangu wazi: kwa chai ya haraka au kukaanga mayai, briketi haina faida kubwa. Zitumie kwa maharage, sombe, ndizi, kuchemsha maji ya kuoga, vyakula vinavyotaka moto wa taratibu wa saa nyingi. Loweka maharage usiku, funika sufuria, na utaona briketi chache zinamaliza kazi uliyokuwa ukiimaliza kwa makala mengi.

Onyo ambalo halina mjadala: usiingize mbabula yenye moto chumbani, iwe ya makala au ya briketi, hata baridi ya usiku ikizidi, hata kama haifuki moshi tena. Makala yanapowaka mahali pasipo na hewa yanatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na gesi hiyo inaua watu wakiwa usingizini. Pika nje, au mlango na dirisha vikiwa wazi. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na mbabula, mtoe nje mara moja kwenye hewa safi na umpeleke hospitali.

Majivu yakishapoa kabisa, nyunyiza kidogo bustanini. Udongo wa milima yetu una asidi nyingi, na majivu yanaipunguza.

## Ukikosa unga: udongo mwekundu

Udongo wa mfinyanzi unaweza kushika nafasi ya unga. Ili kuujaribu, lowesha kidogo na uuviringishe kuwa kamba nyembamba yenye unene wa kalamu. Isipokatika, unafaa. Kausha, ponda, chekecha, kisha tia lita moja kwenye ndoo ya vumbi na uongeze maji kidogo kidogo ukifuata jaribio la ngumi.

Briketi za udongo haziliwi na panya na hazioti ukungu kirahisi. Lakini zina majivu mengi zaidi na moto wake ni mpole. Usizidishe lita moja.

Udongo huo usiuchimbe kwenye mteremko ulio juu au chini ya nyumba. Mji wetu unabomoka kila msimu wa mvua, na shimo dogo ni njia ya maji. Waombe wanaochimba misingi. Wanao mwingi wa kutupa.

## Zilizoharibika usizitupe

Zilizobomoka zikiwa kavu: ziponde, zichekeche, zipikie gundi mpya ya robo kilo ya unga kwa ndoo, kwa sababu zina unga wa zamani ndani. Shindilia kwa nguvu zaidi.

Zenye nyufa lakini ngumu: zipikie hivyohivyo. Safari ijayo ongeza siku moja ya kivuli.

Zenye ukungu: zipanguse nje kwa brashi kavu ukiwa umefunika pua, zianike juani siku mbili au tatu, zipime upya. Ukungu ukiwa umeingia mpaka ndani na briketi imelainika, ziponde uzichanganye na vumbi jipya, na safari hii tumia udongo badala ya unga.

Zenye moshi usiokoma: zirudishe kichanjani wiki nzima kabla ya kuamua lolote. Zikiendelea kufuka baada ya hapo, tatizo liko kwenye magunzi yaliyoiva nusu. Zitumie nje tu, kwenye maji ya kufulia, mpaka ziishe.